Sista na Dada Yake Bibi Mkubwa

Ukitaka kumuudhi Sista, hukuwa na haja ya kumtukana. Muulize tu kwao ni wapi. Uso ulifungika papo hapo, na siku nzima usingepata neno lingine kwake. Na sisi Wakenya tulivyo, wallahi, hatujui kusalimiana bila swali hilo. Umekutana na mtu kwenye foleni ya mkate pale Najma, mtaa wetu huku Doha, Qatar, hata jina hujamuuliza, ushamuuliza kwao wapi. Akikujibu Kenya unamcheka. Kenya naijua, bwana, Kenya ya wapi? Unataka umweke kwenye kabila lake ndipo roho yako itulie.

Mimi nilikuwa dereva wa basi la wafanyakazi wa hospitali moja ya kibinafsi. Asubuhi nawachukua wauguzi na wafagiaji kwenye nyumba zao Najma, jioni nawarudisha. Miaka hiyo minara ya West Bay bado ulikuwa unaweza kuihesabu, na The Pearl, kile kisiwa cha matajiri, ilikuwa mchanga tu unaomwagwa baharini. Sista alikuwa mkuu wa wodi ya wanawake wazee. Doha kila muuguzi huitwa sista, lakini katika basi langu ukisema Sista, watu walijua unamsema yeye. Mrefu, mkavu, sweta ya buluu mwaka mzima hata nje kukiwa tanuri, kwa sababu ya kiyoyozi cha wodini. Mimi kwake nilikuwa Dereva. Miaka yote hatukuitana vinginevyo. Yeye Mkristo wa Mombasa, upande wa misheni, mimi Mwislamu wa Likoni, na huko nyumbani labda tusingejuana kamwe. Ugenini mambo ni mengine. Nikimsikia akisema "hebu nipishe" kwa ile sauti ya pwani, nilikuwa najihisi niko sokoni kwetu.

Alikuwa mkali, yule mama. Mkali wa kuchosha. Alimteremsha msichana mmoja wa Kiganda kwenye basi akaoshe rangi ya kucha, na basi zima likangoja, na mimi ndiye niliyepigiwa simu na msimamizi kuulizwa mbona nimechelewa. Nikamwambia Sista, utanifukuzisha kazi. Akanijibu, "Mgonjwa si gari, Dereva. Haoshwi na mtu yeyote tu." Na kweli, jambo alilokuwa halimwachii mtu lilikuwa kuosha wagonjwa. Mkuu wa wodi mzima, ana wasaidizi kibao, lakini vikongwe vyake aliviosha kwa mkono wake. Maji aliyapima kwa kiwiko. Akimaliza kufuta miguu alipiga unyayo kwa kiganja, taratibu, kama unavyompiga mtoto mgongoni ili alale, ndipo akashika mguu wa pili. Ndivyo walivyooshwa watoto wa kwao tangu zamani za Bibi Mkubwa.

Huyo Bibi Mkubwa ndiye aliyekuwa maisha yake. Nilidhani mwanzoni ni bibi aliye hai, kwa jinsi alivyomtaja. "Bibi Mkubwa hakupenda wavivu." "Bibi Mkubwa angekupenda, una mdomo." Kumbe alikuwa mama wa babu yake, na amekufa zamani, Sista hajazaliwa. Aliletwa misheni angali mtoto mdogo, kichwa kimenyolewa, ametolewa kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa na manowari ya Waingereza. Alipokua, akawa mwanamke wa kwanza pale misheni kufyeka pori akalima shamba lake mwenyewe bila mume wa kumtetea, na wa kwanza kuwakalisha wasichana chini akawafundisha kusoma. Wazee wa pale bado wanalionyesha shamba lile. Sista aliniambia kwa majivuno kabisa, kidevu juu: "Wazungu waliifungua misheni kwa maneno, Dereva. Aliyeifungua kwa jembe ni Bibi yangu."

Lakini palikuwa na jambo alilolisema kwa sauti nyingine, na alinieleza siku moja tu, tukiwa tumekaa kwenye basi tukingoja zamu ya mchana itoke. Watoto walikuwa wawili. Bibi Mkubwa na dada yake, mama mmoja, baba mmoja. Walitekwa pamoja huko bara, ambako hakuna ajuaye ni wapi, wakateremshwa pamoja mpaka pwani, wakalala wameshikana. Kulipokucha wakatiwa kwenye vyombo viwili. Chombo cha mdogo kilikamatwa. Cha mkubwa kilipita, kikaenda zake Uarabuni. "Na Bibi alikuwa mdogo sana," Sista akasema, "hajui hata jina lake. Alikuwa akiitwa 'we mtoto.' Jina alilopewa na mama yake alilijua dada tu." Akanitazama aone kama nimeelewa. "Alilijua dada tu, Dereva. Na dada hakuwahi kurudi."

Basi hapo ndipo nilipojua kwa nini mwanamke mwenye vyeti vyake, aliyeitwa kazi Uingereza na Kanada, ameng'ang'ania jua la Doha. Alisema dada mkubwa huenda alizaa. Huenda aliwasimulia wanawe habari za mdogo wake. Huenda kuna mtu mahali fulani kwenye nchi hizi za lulu ambaye analijua jina la Bibi Mkubwa, na hajui kama analijua. Huenda, huenda. Nilimwambia, Sista, Uarabuni ni kubwa, ungejuaje ni Qatar wala si Omani, wala si Basra? Akasema, "Ningejuaje? Ninatafuta mahali nilipo."

Mie nilikasirika, sijui kwa nini. Labda kwa sababu niliona hatampata.

Nyumbani kwao walikuwa na jina la ukoo la Kizungu. Sitalitaja, maana wenye nalo wangali wapo huko Ulaya na hawana kosa. Mume wa Bibi Mkubwa alikufa mapema, watoto wakachukua jina la mama, wajukuu vilevile, mpaka likamfikia Sista na kukaa kifuani mwake kwenye kibandiko cha hospitali. Babu yake alikuwa akijigamba nalo. Alisema ni jina la nahodha wa ile manowari, kwamba nahodha alimpenda yule mtoto akampa jina lake, kwa hiyo wao ni kizazi cha nahodha, hata kama si kwa damu. Kanisani alikaa mbele kwa ajili hiyo. Sista naye aliamini mpaka nywele zikaanza mvi, ndipo akaanza kuuliza huku na huku, makanisa ya Uingereza, watu wa misheni, yeyote.

Jibu lilikuja kwa simu, ndani ya basi langu, mbele ya watu. Aliyepiga alikuwa mwanamke mwangalizi wa kanisa moja la kijijini huko Uingereza. Sista alikuwa anajibu kwa Kiingereza, ndiyo, ndiyo, asante sana, ndiyo. Niliona kwenye kioo mkono wake umeshika chuma cha kiti. Alipokata simu alingoja mpaka watu wote wakateremka.

"Si nahodha," akasema.

"Ni nani basi?"

"Mtoto. Binti wa mwenye duka. Alikufa kwa homa." Akaanza kuvaa mkoba wake begani, ukawa unateleza, akaacha. "Wazazi wake walitoa pesa za kumlisha mtoto mmoja wa Afrika aliyeokolewa, na wakaomba kitu kimoja tu, apewe jina la binti yao lisipotee. Jina lote, la mtoto na la ukoo. Liko kwenye jiwe, ukutani kwa kanisa. Yule mama alifurahi, Dereva! Ati ni hadithi nzuri mno. Ati nimpelekee picha yangu wabandike."

Nikasema, labda walikuwa na uchungu, nao ni wazazi.

"Najua walikuwa na uchungu. Lakini Bibi yangu alikuwa hai. Alikuwa mtoto mzima, anakula, anacheza, wakamvisha jina la maiti. Na sisi sote tumelivaa. Babu yangu alikaa mbele kanisani kwa jina la maiti."

Akateremka. Kesho yake alikuja na sweta yake na ukali wake, akamgombeza mtu aliyekula samaki ndani ya basi. Ndivyo alivyokuwa. Jambo likimuuma sana, aligombeza watu.

Kuna desturi yetu moja huku ambayo nadhani ilimuuma kuliko alivyokubali. Mkenya akifa Doha, wa kwanza kuitwa ni watu wa kwao. Watu wa Kisii wana kundi lao, wa Kiambu lao, wa Siaya lao, sisi wa pwani letu. Maiti anagawiwa kwa kabila kabla hata hajapoa. Wale ndio watakaohangaika na karatasi za ubalozi, ndio watakaompeleka uwanja wa ndege. Na wakati ule misiba ilikuwa mingi, bwana. Vijana wa mjengo walioanguka na jua, wasichana wa kazi za ndani waliokufa na hakuna aelezaye vizuri wamekufaje. Sista alikuwa akishuka chumba cha maiti bila kutumwa. Aliwachana nywele wasichana wale. Aliwafunga vitambaa vizuri, ndipo kila kundi likaja likamchukua wake.

Siku moja kijana wa kundi fulani, hana ubaya, mdomo tu, akamwambia, "Na wewe Sista, siku yako ikifika, tutapigia watu wa wapi simu? Maana wewe hatujui ni kabila gani." Mimi nilikuwa pale chumba cha maiti, nimesimama upande wa miguu ya marehemu. Sista hakuinua hata macho. "Shika hapo," akamwambia, "tumwinue."

Kundi letu la pwani lilimkaribisha, nisiwasingizie watu. Lakini mzee mmoja wetu alitaka kwanza aandikwe ni wa jamii gani, Mgiriama, Mdigo, Mtaita, chochote, ati ni utaratibu. Akasema yeye ni wa misheni. Mzee akasema misheni si kabila, mama. Sista akachukua mkoba wake akaondoka, na mpaka leo sijampenda mzee yule.

Sasa msimfanye malaika. Alikuwa na kiburi. Alikuwa anawacheka Wakristo wenzake wanaopiga kelele wakisali, halafu yeye mwenyewe haimbi kanisani, anafumba mdomo. Alikuwa anasema umbea ni ugonjwa, lakini Waqatari weusi wa makamo wakipita dukani angeacha vitu vyake kaunta akawafuata nyuma, awasikilize wanavyoongea, awatazame mashavu, masikio, mwendo. Mara mbili nilimvuta mkono. Nilimwambia waziwazi, Sista, hapa kuna watu babu zao waliletwa kama wa Bibi yako, na kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Walipewa majina ya ukoo ya waliowamiliki, na kwa jina hilo leo ni wenyeji kama wenyeji wengine, wana nyumba, wana vyeo, wanaozesha watoto wao. Ukimchokonoa mtu hapo unamvunjia nyumba. Hata kwetu pwani mambo hayo yapo, wewe unayajua. Akasema, "Mimi sitamchokonoa mtu. Nitatazama tu."

Halafu kaka yake akafa. Alikuwa ndiye ndugu aliyebaki, hana mtoto, na yeye Sista hakuolewa. Sista alinyimwa ruhusa ya kwenda, wakamzika bila yeye. Asubuhi ile alipopata habari alipanda basi, akaketi kiti chake, akaniambia, "Dereva, kaka yangu amefariki. Twende, tutachelewa." Sikumwona akilia. Jioni ndipo aliposema, tukiwa tumekwama kwenye msongamano wa magari, anatazama nje: "Nimebaki na jina la Kizungu peke yangu. Nikifa nalo limekwisha. Na letu hatulijui." Nilitaka kumwambia kitu cha maana, nikawasha redio.

Basi ndiyo hali aliyokuwa nayo alipolazwa Hajia.

Hajia alikuwa kikongwe wa Kiqatari, mweusi kama mimi, wa familia yenye jina kubwa. Ameanguka, nyonga imevunjika. Watoto wake wakubwa wawili walikuwa hawabanduki, mwanamume mmoja mwenye cheo serikalini na binti mmoja mwalimu. Sista alimwosha kama anavyoosha wote. Akamfuta mguu mmoja, akaupiga unyayo kwa kiganja. Ajuza akiwa amefumba macho akauinua mguu wa pili, mwenyewe, akaushikilia hewani, akingoja. Sista akaganda. Ajuza akafumbua macho, akasema kwa Kiarabu, "Mbona huupigi? Mama alikuwa akitupiga yote miwili."

Alinihadithia ndani ya basi jioni ile. Nilimwambia akina mama wengi wanapiga watoto nyayo. Hata mama yangu alinipiga nyayo. Akasema, ndiyo. Akasema anajua. Hata yeye alijiambia hivyo hivyo, ndiyo, anajua.

Kisha akafanya alichokifanya. Siku ya pili yake, chumba kimejaa wageni, mabinamu, wakwe, kahawa inazungushwa. Sista ameingia kumpima Hajia shinikizo la damu. Na yeye, yeye aliyekuwa akichukia swali lile kuliko matusi, akajikuta ameinama kwenye mto akamuuliza, kwa sauti ya kawaida, kwa Kiarabu chake cha wodini: "Mama, nyinyi kwenu hasa ni wapi? Asili yenu?"

Mtume! Kwetu hilo ni salamu. Kule, mbele ya wakwe, kwa mtu wa rangi ile, ni kama umemvua nguo. Yule mwanawe mwenye cheo akaweka finjani chini. Akasema polepole, "Asili yetu ni jina letu. Umelisoma mlangoni." Halafu akakisogelea kibandiko cha Sista, akalisoma jina lile la Kizungu, herufi kwa herufi. "Na wewe, Mwafrika, hili lako umelitoa wapi?"

Sista akakunja kipimo chake akatoka. Ndivyo alivyoniambia. "Kila siku nina jibu, Dereva. Siku hiyo sikuwa nalo."

Malalamiko yakaenda juu. Hawakumfukuza, maana mkataba wake ulikuwa umebakisha muda, lakini walimwondoa kwa wagonjwa. Wakamtupa stoo, kuhesabu glovu na bandeji. Mwanamke aliyewafundisha nusu ya wauguzi wa jengo lile. Nilimlaumu, sifichi. Nilimwambia, wewe Sista, mtu mzima, unaulizaje vile? Akasema, "Nimeuliza kama nilivyokuwa nikiulizwa." Tangu hapo alianza kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa dharura, ambako zamani walikaa wafagiaji wapya.

Miezi ikapita. Mimi nikaacha basi, nikapata kazi ya kuendesha familia moja iliyohamia The Pearl. Nikasikia Sista amebakiza wiki chache arudishwe Kenya. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Lakini kabla wiki hizo hazijaisha yule binti mwalimu alifika stoo mwenyewe. Alikuja na abaya yake nyeusi na pochi yake, akasimama katikati ya makasha. Akamwambia Sista kwamba mama yake amelala kitandani nyumbani, hatainuka tena, amepewa wauguzi na amewafukuza wote, hataki kuguswa. Anamtaka yule aliyempiga miguu.

"Nitakuchukua uwe chini yangu," akasema, maana kule ukibadilisha kazi lazima awepo mwenyeji wa kukudhamini. "Nyumba yangu, chakula changu. Utamwosha mama. Lakini hutauliza kitu. Humwulizi yeye, huniulizi mimi, huwaulizi watumishi."

Sista akasema, "Sitauliza."

Na hakuuliza. Nilikuwa nikimpigia simu, na mara chache nikampitia siku ya mapumziko yake tukanywa chai Najma, na kila mara nilimchokoza. Haya, leo? "Sijauliza." Wiki hii? "Dereva, nyamaza unywe chai." Nilikuwa naona ahadi ile inamla. Alikonda zaidi. Anakaa na mwanamke mwenye umri kama wa shangazi yake, anamlisha, anamkata kucha, anamsikiliza akikoroma, na huenda mle kichwani mwa ajuza mna jina la Bibi Mkubwa, na kila siku kichwa kile kinazidi kuzimika. Alikuwa anasema wakati mwingine anashika kichwa cha Hajia kukiosha na anakishika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilimwambia vunja ahadi, basi, uliza, wakufukuze! Akasema, "Niliuliza mara moja nikamdhalilisha mbele ya watoto wake. Sitamfanyia tena hilo."

Kisha Hajia akauliza yeye. Wakati anaoshwa, mchana, binti yake amesimama mlangoni na taulo. Akamwambia Sista, "Na wewe, binti yangu, kwenu ni wapi?"

Sista akamwambia yote. Watoto wawili, vyombo viwili, mdogo na misheni, na shamba, na jina la maiti, na kaka aliyezikwa bila yeye. Alisimulia huku anamwosha, maana alijua akiacha kuosha atashindwa kusema. Hajia akasikiliza mpaka mwisho.

"Na mdogo jina lake?"

"Hatulijui. Alilijua mkubwa."

Ajuza akamtazama. "Maskini," akasema. Kisha akasema, "Mkubwa atakuwa alifika. Wengi walifika." Akafumba macho. Binti yake akaliweka taulo juu ya kiti na akaenda zake, na hakulitaja jambo hilo siku ile wala siku nyingine. Na Hajia mwenyewe hakurudi kwenye mazungumzo yale. Baada ya hapo maneno yakawa yanampotea, akabaki kuitikia kwa macho.

Sista hakujua kama alikuwa ameambiwa kitu au hakuambiwa. Nami sikujua. Nilifikiri labda ajuza anajua na ameogopa watoto wake. Nikafikiri labda hajui chochote, ni huruma ya mgonjwa tu. Mpaka leo ninavyoandika sijui.

Mara ya mwisho nilipomwona ni alipoondokewa na Hajia. Alinipigia simu alasiri ya siku ya tatu ya tanzia, akaniomba nimpitie pale nyumbani. Barabara ilikuwa imejaa magari ya waombolezaji. Wanaume walikuwa upande wao, kwenye hema la mbele, yule mwanamume wa finjani anapokea mikono. Nikampa pole kama Mwislamu mwenzake. Hakunijua. Nikarudi kwenye gari nikangoja.

Sista alitoka mlango wa wanawake akiwa na sanduku lake. Nililipokea nikaliweka nyuma. Alikaa mbele, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na hakuniambia niondoke, kwa hiyo sikuondoka.

Akasema hakumwosha. Aliyemwosha siku zote hizo hakuruhusiwa kumwosha mwisho, kwa dini, na hakuwalaumu, alisimama nje ya mlango akisikia maji. Akasema siku mbili za kwanza alikaa jikoni na watumishi wa Kifilipino wakimimina kahawa. Mlezi wa mgonjwa amefiwa na mgonjwa, kazi imekwisha, kibali kimekwisha, tikiti imeshakatwa. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na yule mwanamume, kwa upole, wala hakukosea adabu.

"Leo asubuhi binti akaja jikoni," akasema. "Akanishika mkono. Mimi nikadhani ananipeleka nikaage. Akanipeleka ukumbini, pale wanapokaa wafiwa. Wamekaa mstari mmoja, Dereva, binti, shangazi zake, wajukuu, na wanawake wote wanaokuja wanapita mbele yao, mmoja mmoja, wanawapa mkono. Akamsogeza shangazi yake. Akanikalisha pale katikati yao."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu."

"Na wale shangazi?"

"Walinitazama. Mmoja akanipangusa sweta, ilikuwa na unga." Akaishika ile sweta. "Wanawake wakawa wanapita. Mmoja mnene, mkubwa wa watu, ana dhahabu, aliponifikia akaniruka. Aliona ni mtumishi amepotea njia. Binti akamkamata kifundo cha mkono, pale pale, mbele ya wote, akamrudisha nyuma mpaka kwangu. Akangoja mpaka alipoinama akanipa mkono na kuniombea."

Nilitaka sana kumwuliza, kwa hiyo ni ndugu zako? Ndio wenyewe? Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nilimtazama nikaona hawezi kunijibu, na hatakuwa na nafasi nyingine, ndege ni kesho, na nyumba ile haitafunguliwa tena kwa ajili yake. Jina la Bibi Mkubwa limezikwa na Hajia, kama aliwahi kuwa nalo. Nikawasha gari.

Alikuwa analia. Bila sauti, mikono mapajani, mwanamke yule aliyempoteza kaka yake akaenda kazini.

"Dereva," akasema, "nimefiwa."

Nikazima gari, nikamgeukia, nikampa pole.